Pointi 8 za PCB hazikunitosha: nilivyorudia mpaka nikaingia udaktari

Kidato cha sita nilisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, nikapata C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Hizo ni pointi 8, na mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ulitaka kuanzia 6 tu kwa udaktari wa binadamu. Nikaachwa awamu zote za udahili. Sifa za chini zinakuruhusu kuomba, basi. Vyuo huanza na wenye ufaulu wa juu hadi nafasi ziishe.

Ushauri niliopewa bado unanikera. Mmoja alitaka nitafute "mtu wa ndani" nimpe chochote. Mjomba akasema, "Mwanangu, chukua ualimu, mkopo upo." Wa maana alikuwa nesi jirani yetu, aliyenielekeza stashahada ya utabibu: miaka mitatu, ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 na masomo yako ya kidato cha nne yamekaa sawa, unaomba udaktari. Njia nzuri, wengi wamepita huko. Mimi nikajisajili kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Nadharia ni kukaa na mitihani ya nyuma ya NECTA, Baraza la Mitihani. Kazi ipo kwenye praktiko, mtihani wa vitendo: huna shule, huna maabara. Hapo nilibuni, na najivunia mpaka leo. Bomba la sindano kutoka duka la dawa likawa bureti, ile mirija ya maabara ya kudondoshea kimiminika kwa kipimo, ndani yake maji ya magadi. Kwenye glasi, siki na juisi kidogo ya choya. Ukidondosha, povu linapanda, wekundu unaingia zambarau, tone likizidi, kijani! Nilirudia mpaka kidole gumba kikajua kuachia tone moja moja. Kwa Fizikia nilining'iniza kokoto dirishani kwa uzi, nikapima muda kwa simu na kuchora grafu mpaka g, mchapuko wa mvutano wa dunia, ikawa inanijia karibu na 9.8.

Mtihani wa Mei ulipokaribia, nililipia Jumamosi kadhaa kwenye maabara ya shule binafsi, elfu kumi na kitu kila mara. Hiyo hela usiibanie. Mtaalamu wa maabara aliniangalia nikititreti, yaani nikidondosha kwa bureti ya kweli, akasema, "Dada, huu mkono umeshazoea."

Julai: Kemia A, Baiolojia B, Fizikia B. Niliomba vyuo vya Dar na vya mikoani, nikachaguliwa zaidi ya kimoja, ikaja namba ya siri kwenye simu ili nithibitishe. Thibitisha siku hiyohiyo, ukichelewa nafasi inapotea. Nilichagua chuo cha tiba cha Bugando, Mwanza, mama akinisomea tarakimu kwa sauti na kunirudishia kila moja.