Ubao wa plywood kwa mtoto asiyeona

Mtoto asiyeona asiyelia huachwa chali mkekani mchana kutwa, na watu wa nyumbani wanamsifu kwamba hasumbui. Kuchelewa kwake kutambaa na kukaa kunaanzia hapo. Mwenzake anayeona hukiona kikombe, akakitamani, akakifuata. Huyu hana kinachomvuta. Sauti nayo haitoshi mapema: wengi hukaribia kutimiza mwaka ndipo wanajua kwamba njuga inayolia pembeni ni kitu cha kunyooshea mkono. Na ukimwita akatulia tuli, kichwa kimeinama, usiseme hajali. Ameacha kila kitu akusikilize.

Daktari kwanza, lakini. Mboni ikiwa na weupe, au iking'aa nyeupe kwenye picha ya simu, usisubiri wala usitie dawa ya majani. Huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao mtoto mchanga hufanyiwa upasuaji ndani ya wiki au miezi ya mwanzo, kabla ubongo haujapoteza nafasi ya kujifunza kuona. Huenda pia ni saratani ya jicho, nayo huua. Hapa Uganda, hospitali za Mulago na Mengo, Kampala, zina idara za macho. Hospitali ya Ruharo, Mbarara, wanatibu saratani hiyo.

Sasa ubao wa kumlaza mtoto. Wazo ni la Lilli Nielsen wa Denmark, mtaalamu wa watoto wasioona, na seremala yeyote wa Ndeeba, Kampala, anaweza kuutengeneza kwa nusu saa. Plywood moja ya futi 8 kwa 4, unene milimita 4, ukiikata katikati unapata mbao mbili za futi 4 kwa 4. Ya pili mpe jirani. Chini, pembezoni mwote, gundisha vipande vya mbao vya sentimita 2 ili ubao uinuke kutoka sakafuni. Tumia gundi, si misumari. Piga msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa, na usipake vanishi, maana ataulamba.

Seremala atakushauri unene wa milimita 12 “ili udumu”, au atatia mbao ya kuvuka katikati. Kataa yote mawili. Ubao mnene hautetemeki, na mtetemo ndio tunaoutafuta: mtoto anapiga kisigino, ubao unanguruma na mgongo wake unausikia, anagundua kwamba yeye ndiye aliyefanya hivyo. Bibi akitandika godoro juu, kazi imeharibika. Kabale asubuhi kuna baridi, mvishe sweta, ila miguu iwe wazi.

Juu yake weka vitu vya jikoni: kijiko cha chuma, mfuniko wa sufuria, burashi, kopo lenye maharage lililofungwa barabara. Kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno, atakimeza. Vingine vifunge kwa lastiki fupi, isiyoweza kuzunguka shingo, ili akiviachia vimrudie palepale. Usivihamishe kila siku. Asipovikuta alipoviacha, kwake vimekufa. Mikono ikiwa kazini, nyamaza. Sema akipumzika. Usiondoke karibu.

Akikua kidogo, kosa linalofuata ni kumkamata kifundo cha mkono na kumgusisha vitu kwa nguvu. Ndiyo maana wengine hukunja ngumi wakiguswa. Weka mkono wako chini ya wake, uchambue maharage au umenye matoke huku vidole vyake vimepanda juu ya vyako, na akitaka kujitoa ajitoe. Maneno “hiki” na “pale” hayamsaidii. Sema “kikombe kiko mkono wako wa kulia”. Akijikandamiza macho, usimchape. Mpe kitu cha kushika.

Braille, maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa kidole, ina wakati wake, ila vidole huandaliwa mapema. Trei ya mayai ya 30, safu 5 kwa 6, hutoa vipande 5 kamili vya matundu sita: kata safu 3 upate vitatu, safu 2 zilizobaki upate viwili. Kipande kikisimama, matundu ya kushoto kutoka juu ni 1, 2, 3, ya kulia 4, 5, 6. Kokwa ya parachichi kwenye 1 ni herufi a; kwenye 1 na 2 ni b; kwenye 1, 3 na 4 ni m. Kibao cha kutoboa kwa sindano kiachie shule: kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zimegeuzwa, na mtoto ambaye hajazijua herufi kwa kidole atavurugika.

Kabla ya kumpeleka darasa la kwanza (P.1), iwe Salama kule Mukono, Madera kule Soroti au shule ya jirani yenye mwalimu wa elimu maalumu, awe anajua kwenda chooni mwenyewe, kufunga vifungo na kula posho (ugali) bila kulishwa. Haya matatu yaanze akiwa na miaka miwili au mitatu, si wiki ya kufungua shule.