Vitabu vilivyopona ni vilivyokuwa majumbani

Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa karani wa ofisi, ambaye Jumamosi haji kazini. Watoto walikuja Jumamosi. Walibandika vidole kwenye kioo, wakasoma migongo ya vitabu, kisha wakarudi uwanjani kucheza mpira wa kikapu. Ndivyo nilivyoikuta maktaba ya mtaa wetu pale Los Baños, Ufilipino, na karibu yote niliyoyafanya huko nje ya masomo yalianzia kwenye kufuli lile.

Nilikwenda kusomea mbegu za mpunga. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iko Los Baños tangu 1960, chuo kikuu kiko jirani yake, na Mtanzania anayetaka kuujua mpunga kwa undani ana sababu nzuri ya kufika pale. Nilitoka Morogoro nikijua miaka yangu miwili ni ya maabara na shamba. Maktaba haikuwamo kwenye mpango.

Mwenye nyumba wangu ndiye aliyenipeleka. Alikuwa mwalimu mstaafu, na mtaa mzima walimwita Lola, yaani bibi. Siku niliyoingia kwake alininyooshea mkono, binti yake akanielekeza: unaupokea, unainama, unaugusisha kwenye paji la uso wako, unasema "mano po". Nikawaambia kwetu tunasema shikamoo, na bibi yangu wa Pangani nilikuwa nikimbusu mkono. Lola alifurahi hata akaninyooshea mkono mara ya pili. Tangu hapo nikawa mjukuu, na mjukuu akitumwa hakatai.

Barangay ni ngazi ya chini kabisa ya serikali kule, kama mtaa au kijiji kwetu, na nchi nzima ziko zaidi ya 42,000. Sheria Namba 7743 ya mwaka 1994 ilitaka ziwepo maktaba za majimbo ya uchaguzi, miji na manispaa, na vituo vya kusomea kwenye barangay. Sisi kituo tulikuwa nacho: chumba kimoja, meza ndefu, viti vya plastiki, makabati matatu ya vioo. Mtumishi hakuwepo. Kazi ilikuwa ya watu saba wa kujitolea: Lola, dereva wa traysikel, ile pikipiki yenye kibanda cha abiria ubavuni, ambaye sote tulimwita Kuya, yaani kaka mkubwa, mama muuza barafu, vijana wawili wa chuo, fundi cherehani mmoja, na mimi.

Vitabu vingi vilikuwa vya kuletwa. Mfilipino aliye ughaibuni hujaza boksi kubwa, wanaliita la balikbayan, la yule anayerudi nyumbani: sabuni, nyama za kopo, chokoleti, viatu vya watoto. Ikibaki nafasi, anatia vitabu. Ni mapenzi matupu, wala siyadharau. Lakini tulipohesabu makabati tulikuta miongozo ya kodi ya Marekani, ensaiklopidia zilizokatika juzuu, na hadithi nyingi za watoto wanaofinyanga watu wa theluji. Vya Kifilipino havikujaza rafu moja. Mtoto wa mvuvi wa ziwa la Laguna alikuwa anazuiwa na kufuli asifikie vitabu ambavyo, hata angevifikia, visingemwambia neno kuhusu kwao. Jambo hilo liliniuma, maana nililijua. Shule yangu ya msingi nayo ilikuwa na kabati la namna hiyo.

Tulipoomba ufunguo, Kapitan, kiongozi wa barangay, alitukatalia, na sababu yake haikuwa ya hovyo. Vitabu vimo kwenye orodha ya mali ya serikali. Kikipotea kimoja, wakaguzi wanamuuliza yeye. "Mkivitoa, havitarudi," alisema. Lola hakubishana. Alinichukua Jumapili moja tukapanda basi hadi Makati, mtaa wa Balagtas, kuona Reading Club 2000.

Hiyo ni maktaba ya mtu mmoja, Hernando Guanlao. Mwaka 2000, baada ya wazazi wake kufariki, alitoa vitabu vyake nje ya nyumba, havikufika hata mia, viwe kumbukumbu yao. Anayetaka achukue. Hakuna kadi, hakuna tarehe ya kurudisha, hakuna faini, na ukipenda kukaa nacho moja kwa moja, kaa nacho. Vitabu havikwisha. Viliongezeka mpaka vikajaa nyumba na kumwagika kwenye njia ya waenda kwa miguu, na hivyo ndivyo tulivyovikuta: rafu ziko nje, mtu anapita na mkoba wake wa soko, anasimama, anachagua, anaondoka. Nilimtazama mwanamke mmoja akichukua vitabu viwili na kuacha vitatu. Hakuna aliyemwandika.

Njiani kurudi Lola aliniambia Kapitan hatakubali hayo yote, ila atakubali nusu, tukijua nusu ipi. Kumbe alikuwa ameshafikiri. Vitabu vilivyomo kwenye orodha ya mali vibaki kabatini na kufuli lake. Vitakavyoingia kuanzia leo visiandikwe kwenye orodha ile. Viandikwe kwenye daftari letu, viwe mali ya watu wa kujitolea, na vitoke. Kapitan alisikiliza, akasema tujaribu kwa miezi miwili. Kuya alitengeneza rafu ya mbao za kreti za matunda, tukaiweka nje ya mlango, chini ya bati.

Ilibaki shida ya kuijaza, tena kwa vitabu vya kwao. Duka lenye vitabu vizuri vya watoto vya Kifilipino lilikuwepo, hela ndiyo haikuwepo. Ndipo fundi cherehani aliposema vitabu tushone wenyewe.

Tulifanya hivi. Kila Jumamosi mzee mmoja wa mtaa alikaa kwenye kiti akasimulia alamat, yaani hekaya. Neno hilo lina asili moja na alama yetu, kama salamat yao, asante, na salama yetu, au hukom yao, hakimu, na hukumu yetu. Kiarabu kilifika kwao kwa mkono wa Wamalay, kwetu kikaja na upepo wa kaskazi. Watoto wakubwa waliandika, wadogo walichora. Karatasi nane zinakunjwa katikati, zinatobolewa matundu matano, zinashonwa kwa uzi wa jinzi, jalada linakatwa kwenye boksi la tambi na kuvikwa nailoni. Kitabu kimoja kilichukua Jumamosi mbili.

Cha kwanza kilikuwa cha Maria Makiling, mlinzi wa mlima Makiling uliosimama nyuma ya mji. Mtu anapewa naye tangawizi za kubeba nyumbani, anaona zinamwelemea, anatupa nyingi njiani. Akifika, zile chache zilizobaki zimekuwa dhahabu. Wazee wawili hawakukubaliana kama aliyepewa ni mwindaji au mama mwenye mgonjwa. Watoto wakaamua ziwe hadithi mbili, na zote mbili ziliazimwa sana, kwa kuwa kila upande wa mtaa ulitaka kuona wenzao wamesema nini.

Cha pili ni cha kobe na nyani. Hadithi hii José Rizal, shujaa wao wa taifa aliyezaliwa Calamba, mji jirani kabisa na wetu, aliichapisha London mwaka 1889, na ndiyo sababu Siku ya Kitabu cha Watoto huadhimishwa Ufilipino Jumanne ya tatu ya Julai. Kobe na nyani wanaokota mgomba. Nyani anachukua nusu ya juu kwa kuwa ina majani, kobe anaachiwa shina lenye mizizi. La nyani linakauka, la kobe linazaa. Nyani anapanda kuvuna, anakula zote. Kobe anatega miiba chini. Nyani akishaumia anamkamata kobe, anamuuliza afe vipi, atwangwe au atupwe majini. Kobe anasema nitwange, nakuomba, majini usinitupe. Alipofika hapo msimuliaji, mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, na watoto wakanigeukia: umeijuaje? Nikawasimulia sungura wetu, naye anayeomba asitendewe lile hasa analolitaka. Lola akaniambia niiandike. Nikaiandika kwa Kiswahili, kijana wa chuo akaitia Kifilipino mstari kwa mstari chini yake.

Wale vijana wa chuo walileta pia baybayin, maandishi ya kale ya Watagalog, kabila la eneo lile. Watoto walikuwa wameyaona bila kuyajua: chukua noti ya karatasi ya peso 100, iinue kwenye mwanga, vipande vilivyochapwa pande mbili vinaungana na kuwa neno Pilipino. Alama ni 17, tatu za irabu na 14 za konsonanti, na kila konsonanti inakuja na a yake: ka, ta, ba. Ukitaka ki, unatia nukta juu. Ukitaka ku, unatia chini. Konsonanti inayofunga silabi haikuandikwa zamani, msomaji aliijaza mwenyewe. Alama ya kuionyesha ililetwa na padri wa Kihispania karne ya 17.

Msichana mmoja, wa miaka kama tisa, aliniuliza kwetu aklat inaitwaje. Nikamwambia kitabu. Akaenda ubaoni: ka yenye nukta juu, ta tupu, ba yenye nukta chini. Alama tatu tu, na hakuna sauti iliyobaki nje. Kisha akaandika aklat kwa kanuni ya kale, akabaki na a na la. Alitazama maneno hayo mawili kwa muda, akasema, "Ate, lugha yako inaingia vizuri." Ate ni dada mkubwa. Baybayin lenyewe lina maana pia ya ufuko wa bahari. Nikamwambia Kiswahili nacho kimepata jina lake pwani, na siku ile sikuwa na haja ya kueleza zaidi kwa nini niko pale.

Miezi miwili ya Kapitan ikapita, daftari likawa na kurasa zilizojaa, na hakuna aliyetuambia tuache. Vichache havikurudi. Kimoja tulikikuta kwa muuza samaki, anamsomea mama yake asiyeona vizuri, tukakiacha hukohuko.

Kisha habagat ikaja, zile pepo za kusini-magharibi zinazoleta mvua za katikati ya mwaka, na juu yake kimbunga. Ziwa la Laguna likapanda. Usiku ule tulikuwa kwa Lola tumefunga madirisha, na asubuhi Kuya alikuja kwa miguu, suruali imelowa hadi mapajani, akasema maji yameingia maktaba.

Yalifika magotini. Rafu za chini za makabati yote matatu zilikuwa ndani ya maji, na karani mwenye ufunguo alikuwa amehamishiwa shule ya jirani pamoja na familia nyingine za kando ya ziwa. Kapitan mwenyewe ndiye aliyesema kufuli livunjwe. Tulitoa vitabu vilivyovimba kama mikate iliyochovywa chai.

Mkutubi wa chuo, tuliyempigia simu, alitueleza la kufanya, na nalieleza hapa kwa kuwa litamsaidia mtu. Kitabu kilicholowa hukaa takribani siku mbili tu kabla kuvu haijaanza. Huwezi kukausha mia kwa siku mbili. Basi unavigandisha: kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni, mgongo chini, ndani ya friza, barafu inasimamisha kuvu, nawe unatoa vitano vitano na kuvikausha kwa feni, umevisimamisha wazi, karatasi nyeupe kila baada ya kurasa chache. Vyenye kurasa za kung'aa vipe karatasi kabla havijakauka hata kidogo. Vikikauka vimeshikana, basi tena.

Friza tulikuwa nayo moja, ya mama muuza barafu, mwenzetu. Ilijaa barafu zake za vifuko, za maembe na za maziwa, ambazo ndizo chakula cha nyumbani kwake. Hakuulizwa mara mbili. Aliwagawia watoto waliohamishiwa shuleni zote, akatuachia friza wiki tatu. Sisi sita tulichangishana kumrudishia mtaji, akachukua nusu ya tulichompa, nyingine akairudisha kwenye kikopo cha karatasi na uzi.

Wakati huohuo Lola alikaa mezani na daftari. Usiku wa kimbunga vitabu 96 vya rafu ya nje vilikuwa vimeazimwa. Watu wa kando ya ziwa wanajua maji. Likianza kupanda wanapandisha juu mchele, vyeti, picha za harusi. Walikuwa wamepandisha na vitabu. Kimoja kilikuja kimefungwa pamoja na cheti cha ubatizo. Katika wiki zile vilirudi 94, vikavu, vingine na mfuko wa nailoni juu ya nailoni tuliyoivisha sisi. Vile vya kabatini, vyenye orodha na kufuli, ndivyo tulivyokuwa tukivipepea.

Kapitan aliandika ripoti yake ya mali iliyoharibika. Alipomaliza aliniomba daftari letu, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akauliza kama na vilivyobaki vinaweza kuingizwa humo. Makabati yalirudishwa bila milango.

Jumamosi yangu ya mwisho nilipanga foleni na watoto, nikaazima kobe na nyani, chapa ya mkono wa yule msichana. Lola aliandika jina langu, akaandika kitabu, akaiacha wazi safu ya kurudisha. Kiko hapa Morogoro, mwanangu anakimaliza na kukianza tena. Nimeshamwandikia Lola kwamba kitarudi na mwenzake wa sungura, tumefika ukurasa wa kumi na mbili.