Saa Nane za Usiku

Jumanne ya mwisho ya Julai 2017 nilipanda basi kutoka Pasadena, California, kwenda mji jirani wa San Marino, nikashuka, nikatembea juani karibu nusu saa, kisha nikajikuta mbele ya lango lililofungwa. Maktaba ya Huntington haifunguliwi siku ya Jumanne, jambo ambalo mtu mwenye akili angeliuliza kabla ya kutoka nyumbani, na kwangu mimi Jumanne ndiyo iliyokuwa siku pekee ya mapumziko. Maonyesho niliyoyafuata yalikuwa yakifikia mwisho tarehe 7 Agosti. Nilirudi nikambembeleza mwenzangu wa zamu, na Alhamisi nikaenda tena.

Kilichonipeleka huko ni mwandishi ambaye miezi sita kabla sikumjua hata kwa jina. Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja, mwalimu mstaafu, nikilala kwake siku sita kwa wiki. Alipenda nimsomee baada ya chakula cha jioni, na jioni moja alininyooshea kidole kwenye riwaya iitwayo Kindred ya Octavia Butler, akaniambia kuwa mwandishi huyo alizaliwa papo hapo Pasadena mwaka 1947. Ni habari ya mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976 anayenyakuliwa na kutupwa katika shamba la watumwa la Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19, ambako inambidi amwokoe tena na tena mtoto wa mwenye shamba, kwa kuwa ukoo wake yeye mwenyewe utatokana na mtoto huyo. Hakuna mtambo unaomsafirisha wala elimu inayoeleza safari yenyewe, na kwa sababu hiyo Butler, ambaye vitabu vyake vingine vimejaa sayari na viumbe wa mbali, hakukubali kitabu hicho kiitwe riwaya ya kisayansi. Mimi niliyezaliwa Tanga sikuona pengo lolote. Kwetu mtu akichukuliwa huulizwa amerudi na nini. Haulizwi alipanda chombo gani.

Ila kilichonikosesha usingizi si safari ile, bali habari za mama yake Butler. Alifiwa na mume binti yake angali mdogo, akawa akifanya kazi za ndani katika nyumba za wazungu, akiingia kwa mlango wa nyuma, akisemwa vibaya huku yupo hapo hapo anasikia. Binti aliyaona hayo yote, na aliyemwonea haya ni mama. Baadaye, alipokwisha kukua na kusikia kijana wa rika lake akiwalaani wazee kwa unyenyekevu wao, alitambua kuwa chakula alichokula utotoni kilinunuliwa kwa unyenyekevu huo huo, na humo ndimo ilimotoka Kindred. Mama huyo alikuwa akirudi nyumbani na vitabu vilivyotupwa na waajiri wake, na ndiye aliyemnunulia binti yake taipureta akiwa na umri wa miaka 10.

Hapa sina budi kukiri. Mama yangu, aliyekuwa akipika vitumbua Ngamiani, kwetu Tanga, alijua kuwa mwanawe ni nesi katika hospitali ya Marekani. Nilimwambia hivyo mwaka wa kwanza, naye akawatangazia wateja wake, na tangu hapo sikuweza kurudi nyuma. Kuosha, kugeuza na kubadilisha nguo za mgonjwa nyumbani kwake ni kazi halali, na sijui kwa nini ulimi ulinishinda.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa na ubaridi na mwanga hafifu, kwa ajili ya kuhifadhi karatasi. Nilipita haraka penye picha na majalada ya vitabu. Kuhusu kazi zake za mwanzo nilikwisha soma: aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua krispi kiwandani, na kila siku aliamka saa nane za usiku ili aandike kabla ya kwenda kibaruani. Nilipokwama ni penye sanduku la kioo lililokuwa na daftari la mwaka 1988. Kwa mwandiko wake mkubwa alikuwa amejiandikia kwamba vitabu vyake vitasomwa na mamilioni, kwamba atawasaidia vijana weusi maskini kusomea uandishi, kwamba atakodi gari kila atakapolihitaji (hakuwa akiendesha, maisha yake yote alipanda mabasi), na kwamba atapata matibabu bora kabisa kwa ajili ya mama yake na yeye mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 41 na vitabu kadhaa vilivyokwisha chapishwa. Ilibaki miaka saba kabla ya tuzo ya MacArthur, ambayo Marekani huwapa watu wenye vipaji vikubwa, dola 295,000, ambazo sehemu yake aliitumia kununua nyumba aliyokaa na mama. Mama alifariki mwaka uliofuata, na Butler mwenyewe mwaka 2006, akiwa na miaka 58.

Nilisoma mstari ule wa matibabu mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alinisogelea na kuniuliza kama nahitaji kiti.

Usiku huo niliamka kumgeuza bibi, kama kawaida, saa nane. California ikiwa saa nane za usiku, Tanga ni saa sita za mchana, wakati mama amekwisha kuosha vikaango na kujinyoosha mkekani. Nilikwenda jikoni nikampigia, na bila kumaliza hata salamu nikamwambia kwamba mimi si nesi, sijawahi kuwa nesi, nakaa na bibi mzee nikimwogesha na kumlisha.

Alinyamaza kidogo.

"Mwanangu," alisema, "nesi gani asiyelala nyumbani kwake siku sita? Nilijua zamani."

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia watu wa Ngamiani.

"Wewe ndiwe uliyetaka waambiwe," alijibu, kisha akataka kujua huyo bibi bado ana meno ya kutafunia, au nampondea.