Kazi ya jirani iliisha zamani, nyufa zimeonekana leo

Wengi wetu tulionunua nyumba huku Uingereza tumenunua zile za mstari, za enzi za Malkia Victoria au baada yake kidogo, ambapo wewe na jirani mnagawana ukuta mmoja. Jirani akiongeza chumba nyuma, akigeuza dari kuwa chumba cha kulala au akivunja dohani ya zamani, mshindo unafika kwako. Mara nyingi madhara hayaonekani mafundi wakiwa bado pale. Yanakuja wakishaondoka: lipu inapasuka juu ya mlango, dirisha linakataa kufunga, sakafu inaanza kuinama upande mmoja. Ukimwendea jirani unajibiwa kwamba ile kazi iliisha zamani.

Kuisha kwa kazi hakufuti haki yako. Kinachoweza kuifuta ni kunyamaza kwako. Katika Uingereza na Wales (Uskoti wana sheria zao) madai ya namna hii kwa kawaida yana miaka 6 tangu uharibifu utokee. Ikiwa uharibifu ulijificha na unadai kwa msingi wa uzembe, sheria inaongeza miaka 3 tangu siku uliyojua au uliyopaswa kujua, ila haivuki miaka 15 tangu uzembe wenyewe ufanyike. Kwa hiyo siku unayouona ufa ndiyo siku ya kuandika tarehe, hata kama bado hujaamua kudai chochote.

Sasa nifike mahali ambapo wenzetu wengi wanapotezwa njia. Kuna sheria ya mwaka 1996, Party Wall Act, inayohusu kuta za pamoja. Jirani anayetaka kugusa ukuta huo anapaswa kukupa notisi ya miezi 2 kabla ya kuanza. Akichimba karibu nawe, ndani ya mita 3, na kwenda chini kuliko msingi wako, notisi ni ya mwezi 1. Usipokubali kwa maandishi ndani ya siku 14, kwa kazi hizi inahesabika kuna mgogoro, na hapo wanateuliwa wakaguzi wa majengo. Wanapima hali ya nyumba yako kabla ya kazi, wanapiga picha, wanaandika masharti, na kwa kawaida gharama zao hulipwa na anayejenga. Kitu kikiharibika, wao ndio wanaoweza kuamua fidia, hata kazi ikiwa imekwisha.

Huo ni utaratibu mzuri kabisa, lakini unasimama juu ya ile notisi. Jirani asiyetoa notisi amekuweka nje ya mlango huo. Machi 2023 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mwenye nyumba akifanya kazi bila kutoa notisi, jirani yake hawezi kuteua wakaguzi baadaye kwa sheria hiyo wakatoa uamuzi wa fidia. Anabaki na njia ya kawaida ya mahakama: kudai kwa uzembe, kwa kero au kwa kuingiliwa mali yake. Naona uchungu katika hilo, kwamba aliyekiuka utaratibu ndiye anayekwepa wakaguzi, lakini ndivyo ilivyo, na bado kuna watu wanauziwa huduma ya ukaguzi wa ukuta wa pamoja kwa kazi ambayo haikuwahi kuwa na notisi. Kabla hujamlipa mtu yeyote, uliza: notisi ilitolewa? Nakala iko wapi?

Njia ya mahakama inataka ushahidi, na hapo ndipo penye kazi. London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, unaosinyaa kiangazi na kuvimba mvua zikirudi, na miti mikubwa huukausha zaidi. Ufa unaofunguka Agosti na kujifunga Februari huenda hauna uhusiano wowote na chumba cha jirani. Mhandisi wa majengo asiyefungamana na upande wowote atauangalia, ataweka alama za kupimia, na atakuambia kama nyumba bado inasogea au imetulia. Nyufa zisizozidi milimita 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndogo, za kuziba na kupaka rangi. Zikipita hapo jambo ni zito zaidi.

Na picha za "kabla" utazipata wapi kama hukupiga? Tafuta picha za tangazo lililotumika nyumba ilipouzwa kwako, na ripoti ya ukaguzi uliyolipia wakati wa kununua. Tovuti ya halmashauri nayo huonyesha ombi la kibali la jirani pamoja na michoro na tarehe, ikiwa kazi ile ilihitaji kibali. Halmashauri haitawaamulia ugomvi wenu, lakini karatasi zake zinasema nini kilipangwa kujengwa.

Nimewasikia wenzetu wakisema, mimi mgeni hapa, nikidai nitaonekana mkorofi. Naomba tuache hilo. Kugonga mlango, kusalimia na kusema "naomba uje uone" si ukorofi, na majirani wengi hawajui kabisa kilichotokea upande wa pili wa ukuta. Huku hakuna mjumbe wa kuwaita nyote wawili mkae, kwa hiyo wewe mwenyewe uanze mazungumzo, kisha jioni hiyo hiyo umwandikie ujumbe mfupi wa kukumbushana mliyosema. Wengine wananyamaza kwa sababu fomu ya kuuza nyumba, TA6, inauliza kuhusu migogoro na majirani. Mgogoro uliomalizwa kwa maandishi unaelezeka. Ule uliofichwa, mnunuzi akiugundua, anaweza kukudai wewe.

Piga simu pia kwa bima yako. Sera nyingi zina kipengele cha gharama za kisheria ambacho watu hawakijui, na wanasheria wa bima wanaweza kumwandikia jirani kwa niaba yako.

Akikubali kulipa, usisaini haraka karatasi inayosema malipo ni kamili na ya mwisho wakati mhandisi bado anapima. Akikataa, mwandikie barua rasmi kabla ya kushtaki: nini kimeharibika, kwa nini unaamini ni kazi yake, makadirio ya fundi, na muda wa kujibu, ambao kwa jambo jepesi ni siku 14. Dai la fedha lisilozidi pauni 10,000 hupelekwa kwenye utaratibu wa mahakama wa madai madogo, na tangu Mei 2024 madai mengi ya aina hiyo lazima yapite kwanza kwa mpatanishi wa mahakama, kwa simu, bila malipo. Na ikiwa jirani aliyejenga ameshauza akahama, usimkasirikie familia mpya. Kwa kawaida anayedaiwa ni yule aliyeagiza kazi, na barua inapaswa kumfuata huko aliko.