Kipenga cha Ami

Leo baada ya alasiri tumemzika Ami pale Kikowani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sisi vijana wa Majengo ndiye aliyetufunza mpira. Lakini kwanza anakuuliza: "Mamako umemuaga?"
Hujaaga, huchezi.

Magharibi ikiadhiniwa, mazoezi basi. Anapitia viazi karai vya wanawe, huyoo nyumbani. Sikumbuki siku aliyowachelewesha.

Makaburini nimemuona kitinda mimba wake amevaa kile kipenga shingoni.
Kimefungwa kwa kamba ya kiatu ya buluu, ile ile, mafundo mawili.
Hakukipuliza. Alikikamata tu kwenye ngumi mpaka kaburi likafukiwa.

Bado nakiona kile kimkono.

Nyote aliowalea uwanjani, andikeni hapa mnalomkumbukia. Nataka wanawe wasome.