Kumbukumbu ya mradi wangu: koplingi ya kuchomeka iliyolinyima jiko gesi

Jana jioni, baada ya wiki sita za kufungua na kufunga, vichomeo viwili vya jiko langu la kuchomea nyama viliwaka kwa pamoja, mwali wa buluu ukisimama imara kwenye kila tundu, huku gesi ikipita katika koplingi ya kuchomeka (kiungo cha vipande viwili vinavyoshikana kwa kuchomekwa na kuachana kwa kuchomolewa) iliyo ubavuni mwa karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari. Ninaandika haya nikiwa na furaha isiyo na kificho, kwa sababu tatizo lililonisumbua muda wote huo halikuwa mahali popote nilipolitafuta kwanza, na kwa sababu ninaamini wapo wengine ambao jiko lao linawaka kivivu na wamekwisha kulilaumu bure.

Mpangilio wenyewe sitauchambua kwa urefu. Mtungi umo ndani ya sanduku lake, regulata (kifaa kinachoshusha presha ya mtungi) ya milibari 30 imefungwa ukutani, milibari ikiwa ni sehemu ya elfu ya bari moja ya presha, bomba la shaba linapita chini ya sakafu hadi kwenye kitokeo cha nje, na hapo ndipo lilipo jike la koplingi, yaani kipande kinachopokea, pamoja na koki yake ndogo. Dume, yaani kipande kinachochomekwa, limefungwa kwenye ncha ya mpira wa gesi wa mita moja na nusu. Jike hukaa upande inakotoka gesi, kwa kuwa ndilo lenye valvu ya springi inayojifunga dume linapochomolewa. Regulata iliyokuja na jiko niliiondoa tangu mwanzo, kwa maana regulata mbili zikifuatana kwenye njia moja, ya pili hupokea presha ndogo kuliko ile iliyoundiwa, na mwali hufifia. Kibao cha jiko kinasomeka I3B/P(30), yaani jiko limekusudiwa kutumia butani au propani kwa milibari 30. Lingekuwa jiko la milibari 50, kama yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya karavani za zamani za Ujerumani, lingekuwa na sababu halali ya kuwaka vibaya kwenye mfumo huu. Langu halikuwa na sababu hiyo.

Dalili ilikuwa ni hii: kichomeo kimoja kikiwashwa peke yake, mwali ulikuwa wa kuridhisha kiasi kwamba ningeweza kuupuuza, lakini mara nilipowasha cha pili, vyote viwili vilinywea, na bamba la kuchomea halikupata moto wa kukausha nyama juu kabla haijatoa maji. Nilipolifunga jiko hilohilo moja kwa moja kwenye mtungi mwingine kwa regulata yake, liliwaka vizuri kabisa. Hapo ningepaswa kuelewa mapema kwamba jiko halina hatia, lakini sikuelewa.

Nilianza kuushuku mtungi. Ulikuwa wa butani, na asubuhi zilikuwa za baridi. Butani huchemka kwenye takriban nyuzi 0.5 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ikikaribia sifuri haibaki presha ya maana ndani ya mtungi, ilhali propani huendelea kuchemka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Niliweka propani na hakuna kilichobadilika. Kisha niliwashuku buibui, ambao hupenda kujenga ndani ya mirija inayochanganya gesi na hewa, nikaisugua mirija yote miwili kwa brashi ndefu na kuitoa safi bila kukuta utando hata mmoja. Kisha nilijiuliza kama nilikuwa nikifungua koki kwa pupa na kukiamsha kile kifaa cha usalama kinachobana gesi inapokwenda kasi kuliko kawaida. Nikawa nafungua taratibu, na mwali ukabaki vilevile. Fundi mmoja alinishauri nipanue matundu ya nozeli (vipande vyenye tundu dogo vinavyopitisha gesi kuingia kwenye vichomeo) kwa sindano ya kutobolea. Ninaupinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote. Tundu la nozeli limepimwa kwa presha maalumu, na ukilipanua ili kufidia presha iliyopotea kwingine, siku presha itakaporudi jiko litapokea gesi nyingi kuliko hewa, mwali utageuka wa njano, na utazalisha masizi na monoksidi ya kaboni, ambayo ni gesi ya sumu. Kasoro ya njia hairekebishwi kwa kuharibu kifaa kizima kilicho mwisho wa njia.

Kilichoniokoa ni manomita ya maji, yaani kifaa cha kupimia presha kwa maji, na ninataka kukisifu kifaa hiki kama kinavyostahili. Nimekwisha kununua vipimo viwili vya mshale, na vyote viwili havikunifaa, kwa kuwa vilikuwa vya kupima bari kadhaa na kwenye milibari 30 mshale haunyanyuki kutoka kwenye sifuri. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U juu ya ubao wenye mistari ya milimita na kujazwa maji nusu, hupima presha hizi kwa usahihi ambao kifaa cha bei ya juu hakinipi. Milibari moja ni takriban milimita 10.2 za maji, hivyo milibari 30 ni tofauti ya milimita 306 kati ya mikono miwili, nusu ikipanda upande mmoja na nusu ikishuka upande wa pili. Mikono yangu niliifanya mirefu zaidi ya mara mbili ya mahitaji hayo ili maji yasirushwe nje presha ikipanda ghafla, na vipimo vyote nilivifanya uwanjani, mdomo wa wazi wa mpira ukiwa mbali na moto, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia penye bonde badala ya kupaa.

Nilipima mahali pawili: kwenye nipeli ya kupimia (kijishingo cha kuchomekea mpira wa manomita) iliyo juu ya regulata, na kwenye kiungo cha T nilichokiweka karibu kabisa na jiko. Koki za jiko zikiwa zimefungwa, sehemu zote mbili zilisoma milimita 325, na usomaji huu ndio ulionidanganya kwa wiki nzima, kwa kuwa gesi isiyotembea haipotezi presha hata ipite kwenye tundu la sindano. Nilipowasha kichomeo kimoja, regulata ilisoma 300 na upande wa jiko 214. Nilipowasha vyote viwili, regulata ilibaki palepale kwenye 300, lakini upande wa jiko ulianguka hadi 115. Niliyatazama maji yale nikahisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kiasi cha gesi kinachopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo milimita 115 badala ya 300 maana yake ni kwamba jiko lilikuwa likipata takriban asilimia 62 tu ya moto wake. Na jinsi upotevu ulivyokua kwa kasi gesi ilipoongezeka ilikuwa ni alama ya njia iliyobanwa mahali pamoja.

Kulikuwa na vitu vitatu kati ya sehemu mbili za kupimia: bomba la chini ya sakafu, koplingi na mpira. Nilifunga gesi, nikaiondoa koplingi yote, nikaunga mpira moja kwa moja kwenye bomba kwa kiungo cha hesi, kisha nikawasha vichomeo vyote viwili. Upande wa jiko ulisoma 290.

Koplingi ilikuwa ikifunga kwa mlio uleule wa kuridhisha, kola (pete ya nje ya jike) ikirudi mahali pake, dume halichomoki hata ukilivuta kwa nguvu, na haikuvuja hata kidogo. Hata hivyo dume langu halikutoka kwenye seti moja na jike. Nililitoa kwenye mpira wa zamani kwa sababu lilifanana na jipya kwa kipenyo, kwa mfereji na kwa rangi ya shaba njano. Nilipoyaweka madume mawili kwenye kalipa, kifaa cha kupimia urefu mdogo, pua ya lile la zamani, kuanzia mfereji unaoshikwa na gololi za ndani ya jike hadi kwenye ncha, ilikuwa fupi kwa milimita 1.6. Gololi hazijali urefu huo, kwa kuwa zenyewe hushika mfereji tu. Valvu ya springi ndani ya jike ndiyo inayojali, kwa sababu ni pua hiyo inayoisukuma ifunguke. Nilipoisukuma kwa kijiti cha plastiki niliona kwamba hurudi nyuma milimita 2.4 ikifunguka yote. Dume la zamani lilikuwa likiifungua milimita 0.8 tu, yaani theluthi moja ya uwazi wake, na gesi yangu yote ilikuwa ikijipenyeza kwenye ukanda huo mwembamba unaoizunguka valvu.

Nilifunga dume lililokuja na jike. Vichomeo vyote viwili vikiwaka, upande wa jiko ulisoma 286. Tofauti ya milimita nne na kiungo cha moja kwa moja ninaikubali kwa moyo mkunjufu.

Kwa kuwa ubao wa manomita ulikuwa bado umesimama, niliutumia kujaribu uvujaji. Nilifunga koki ya kitokeo ili regulata isiweze kuongeza gesi kwa siri, nikaacha mpira na koplingi vikishikilia presha, nikatazama. Baada ya dakika nne maji yalikuwa yameshuka sentimita tatu, na moyo wangu ukashuka nayo. Kisha wingu lililokuwa limelifunika jua likapita, na maji yakaanza kupanda bila mtu kugusa kitu. Uvujaji haurudishi gesi. Mpira mweusi ulikuwa ukipoa na kupata joto pamoja na jua. Gesi iliyofungwa mahali pamoja kwenye nyuzi 20 hubadilisha presha kwa takriban milimita 36 za maji kwa kila digrii moja, na ingawa maji yenyewe yakisogea hulegeza sehemu kubwa ya badiliko hilo, digrii chache zinatosha kukupa hofu isiyo na msingi. Nililirudia jaribio kivulini baada ya jua kuchwa, na kwa dakika 15 maji hayakusogea hata milimita moja. Viungo nilivipulizia pia dawa ya kugundua uvujaji, wala sikutumia sabuni ya jikoni yenye amonia, kwa maana amonia huitia shaba njano nyufa baada ya muda.

Jambo moja ninalishikilia kuhusu koplingi kwa ujumla: zile za kompresa za hewa zisiguswe kwa kazi hii, hata kama zinachomekana. Pete zake za mpira zimezoea kukandamizwa na bari kadhaa za hewa ili zizibe vizuri, na milibari 30 ni msukumo mdogo mno kuzikalisha, tena mpira wake huenda usiwe wa aina inayostahimili gesi ya mtungi.

Wiki hizi nilikuwa nimepanga kutengeneza meza ya kukunja yenye ndoano za kuuning'iniza mpira, na mbao zimekwisha kukatwa. Zitasubiri. Sasa ninataka kile kiungo cha T kibaki hapo daima, kikiwa na nipeli ya kupimia yenye kizibo cha skrubu kama ile ya kwenye regulata, ili nipime presha ya jiko bila kufungua kiungo hata kimoja. Nimekwisha kuchora jinsi kitakavyokaa nyuma ya jiko bila kuguswa na joto la bamba.

Dume fupi nimelikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma, ili lisije likaokotwa kwenye kisanduku cha vifaa na kufungwa tena kwenye mpira wa mtu.