Usiku Mkono Ulipokwama Ndani ya Moldi

Umeme ulikatika saa nane usiku, mkono wa roboti ukiwa katikati ya moldi, lile umbo la chuma ambamo plastiki iliyoyeyuka hugeuka beseni. Ilikuwa wiki yake ya kwanza katika kiwanda chetu cha mabeseni na ndoo, huku Nyakato, Mwanza, nami nilikuwa fundi umeme wa zamu.

Kabla ya hapo mabeseni yalitolewa kwa mikono. Moldi inafunguka, opereta anafungua mlango, anachomoa beseni lingali na joto, anafunga, mashine inaendelea. Usiku kucha. Hakuna binadamu anayeweza kushika mwendo uleule mpaka alfajiri, na plastiki iliyoyeyuka ikingojeshwa sana ndani ya mashine huungua na kubadilika rangi. Roboti ililetwa kwa sababu hiyo hasa: mwendo wake haubadiliki.

Ilikuwa roboti ya kikatezia, yaani inayokwenda kwa mistari iliyonyooka tu. Boriti ndefu imelala juu ya mashine, kigari kinateleza juu yake kwenda kando. Kwenye kigari kuna reli ya kwenda mbele na nyuma, na hapo unaning'inia mkono wa kushuka na kupanda, wenye vikombe vya mpira vinavyonyonya beseni kwa hewa. Kila mhimili una mota yake, na yote mitatu imekaa pembemraba. Ni yale majira ya nukta tuliyochora shuleni, tuliyorithi kwa Mfaransa René Descartes tangu mwaka 1637, yameongezewa mhimili wa tatu. Printa za 3D nyingi zimejengwa vivyo hivyo, na hata mashine za kukatia mbao kwa kompyuta.

Jenereta ilipowaka, skrini ilidai roboti irudishwe kwenye sifuri, mahali pake pa kuanzia, kwani enkoda zake, vile vihisi vinavyopima mkono uko wapi, hazikutunza mahali ulipoachwa. Hapo ndipo penye hatari. Ukianza na mhimili wa kando wakati mkono uko ndani, unaugonga kwenye nguzo za mashine, na vyuma hivyo havipatikani dukani Mwanza.

Mama mmoja, opereta mkongwe kuliko sote, alikuja akasimama kando yangu.

“Hili dude tunalitoaje, mwanangu?”

“Ndilo ninalolitazama, mama.”

Akanyoosha mikono yake hewani, kama anavyofanya mtu anayekumbuka kazi. “Mimi nilikuwa navuta kwanza beseni liachane na chuma. Halafu nainua. Kugeuka pembeni ni mwisho.”

Mpangilio sahihi ndio huohuo. Roboti ilikuwa inafuata njia ya mikono yake, ila imekatwa kuwa mistari mitatu iliyonyooka. Ingekuwa roboti ya viungo sita, ile inayofanana na mkono wa mtu, kuuvuta mkono nyuma kwa mstari mnyoofu kungehitaji viungo kadhaa kwenda pamoja kwa hesabu. Hii unasogeza mhimili mmoja, miwili mingine inatulia. Naipenda mno kwa hilo. Inakula nafasi kubwa, kweli, na haiwezi kuzunguka nyuma ya kitu, lakini fundi aliye mbali na mtengenezaji anaweza kuielewa yote kwa macho.

Tulizima mota ya mashine, tukafungua mlango wa usalama, nikahakikisha breki ya mhimili wa wima imeshika; bila breki hiyo mkono ungeshuka wenyewe umeme ulipokatika. Beseni lilikuwa limeshaanguka, kompresa ikiwa imezimika. Tukafunga mlango, kisha nikabonyeza kwa mwendo wa polepole: nyuma, juu, kando. Taa ya kijani ikawaka, ikionyesha mashine imeambiwa kwamba mkono umetoka ndani ya moldi na inaweza kufunga.

Nikaandika hatua hizo tatu kwenye karatasi, nikaibandika ubavuni mwa paneli. Umeme ulikatika tena kabla hapajakucha, nami nikiwa kwenye jenereta. Niliporudi, mama alikuwa ameshautoa mkono na mabeseni yanashuka kwenye mkanda.